Kanda Niliyoifukiza

Niambie kwanza, mwanangu, kabla sijakumiminia chai: mtu akikupa kitu chake umtunzie, unakitunza vile yeye anataka ama vile wewe umezoea? Usinijibu haraka. Mimi sikujiuliza kabisa, na karibu nimharibie mtu maisha yake.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka rangi ya shuka niliyokuwa nimejitanda. Ilikuwa hapa Garissa, miaka ile ya tisini, watu wa Somalia wamejaa kambi za Dadaab, na mimi bado mbichi, mama wa watoto wawili, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mume wangu alikuwa na ngamia huko nyuma ya Habaswein, namwona mara moja kwa miezi mingi. Mimi nimeshika kazi ya chai na kufagia kwa ofisi moja ndogo, si mbali na soko la Suuq Mugdi. Shule nilifika darasa la pili tu, mbuzi wa baba wakakosa mchungaji, nikatolewa. Kwa hivyo nikikuambia habari ya kompyuta usinicheke. Hii kidogo ninayoijua, naijua kwa sababu iliniuma.

Kazi ya ile ofisi ilikuwa kutafutia watu watu wao. Vita ilitawanya familia. Mama ameingia Kenya kwa njia ya Diff, pale mpakani, mtoto ameingia kwa njia nyingine na jirani, hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Basi wanakuja, wanaandikwa. Jina lake, la baba, la babu, la babu wa babu, alitoka wapi, ana alama gani mwilini. Mwanzo waliandika kwa kadi za karatasi, mchwa wakala kadi. Ndipo wakaleta kompyuta nne zilizofungwa pamoja kwa waya, na zote zinakunywa kutoka kwa moja kubwa, kama mbuzi kwa birika moja. Hiyo kubwa ilikaa kwa chumba cha kazi cha Zeinab.

Zeinab alikuwa msichana wa Isiolo, mrefu, mpole, hana ndugu hata mmoja hapa. Alipanga chumba cha mabati, na mshahara wake nusu unaenda kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa. Yeye ndiye alijua zile mashine. Alikuwa ananiita abaayo, dada kwa Kisomali, kwa vile alisikia sisi tunaitana hivyo. Na mchana watu wakienda kuswali na kula, ananikalisha kwa kiti chake, ananifundisha kuandika jina langu, maana herufi zangu zilikuwa zinalala zote upande mmoja kama nyasi ya upepo.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba, mtu wa haki lakini mwenye haraka. Ukitaka kumwambia jambo, ulimalize kabla hajamaliza kikombe.

Siku moja Zeinab akaenda kumwambia. Mimi nilikuwa namimina.

"Mzee, hii kompyuta kubwa ikifa, majina yote yamekufa."

"Kwani itakufa?"

"Huu umeme wa mji unakatika mara ngapi kwa wiki? Na vumbi hii? Itakufa, mzee. Tunataka mashine ya kanda. Kila siku jioni inaandika majina yote kwa kanda, kama vile unarekodi kaseti. Kompyuta ikifa, tunanunua nyingine, tunarudisha majina kutoka kwa kanda."

Mzee Mutiso akamaliza kikombe. Akasema, "Leta watu wa Nairobi watuonyeshe."

Akaja muuzaji mmoja na basi la asubuhi, kijana wa tai, anaitwa Kamau, amefunikwa na vumbi mpaka nyusi. Alikuwa na mashine mbili kwa boksi. Akaziweka kwa meza, sisi wote tumekuja kutazama, hata dereva.

Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito. Kanda yake ni pana kama kipande kizuri cha halwa. Kamau akasema kanda moja ya hii inameza ofisi yote, na nafasi inabaki ya miaka. Tena ni haraka. Unabonyeza, unaenda kunywa chai, umerudi imemaliza. Ile nyingine ilikuwa ndogo, na vikanda vyake ni vidogo, unaweza kuficha kimoja kwa kiganja. Hiyo inaenda polepole, na ofisi ikikua itataka vikanda viwili ama vitatu kwa mara moja, na mtu lazima asimame abadilishe.

Zeinab alishika kile kidogo, akakigeuza. Akasema, "Mzee, bei ya hii kubwa moja, tunapata hizi ndogo mbili na vikanda vingi. Moja ikiharibika, ya pili inasoma. Hiyo kubwa ikiharibika, kanda yake tutaisomea wapi? Hapa Garissa nani ana nyingine?"

"Dada, hii haiharibiki," Kamau akasema.

"Kila kitu kinachokuja hapa kwanza hakiharibiki."

Watu wakacheka. Kamau akaona anashindwa, akanigeukia mimi na birika langu. Akasema kwa mzaha, "Hebu tuulize mama. Mama, ukienda soko la mifugo, unachagua ng'ombe mkubwa ama mdogo?"

Mwanangu, baba yangu hakuwa na ng'ombe mmoja mkubwa. Alikuwa na ngamia kidogo hapa, wengine kwa shemeji yake, wengine kwa binamu upande wa Wajir. Ukame ukija huku, kule kumenyesha. Wezi wakija kule, huku kuko salama. Na kila msimu baba alikuwa anatembea siku nyingi kwenda kuwaona wale wa kule kwa macho yake, hesabu haikumtosha kuletewa kwa maneno. Hayo niliyajua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu, na kijana wa tai, na mimi nikataka kuwapendeza.

Nikasema, "Mkubwa."

"Umesikia?" Mzee Mutiso akamwambia Zeinab. "Hata Mama Dahabo anajua."

Dahabo ndiyo mimi. Zeinab akanitazama kidogo tu, bila hasira, akarudisha kile kikanda kwa boksi. Ikanunuliwa ile kubwa. Na kwa sababu ilikula bajeti yote, kanda zilikuwa mbili peke yake. Moja inakaa kwa mashine, nyingine inatoka nje ya ofisi, moto ama mwizi akija asizipate pamoja. Ijumaa zinabadilishana.

Sasa hiyo ya kutoka ikae wapi? Mzee Mutiso kila wiki yuko safarini. Chumba cha kupanga cha Zeinab mchana ni tanuri, yale mabati huwezi kuweka mkono. Zeinab akasema, "Abaayo, nyumba yako ni baridi. Kaa nayo wewe."

Na kweli, nilikuwa bado nakaa kwa aqal, nyumba yetu ya mikeka na matawi, nilijengewa na mama yangu hapo mtaa wa Bulla. Mchana inapitisha upepo. Nilifurahi, nisikudanganye. Mtu wa kufagia kupewa majina ya watu wote. Zeinab akanipa masharti taratibu. Isikae kwa jua. Vumbi isiingie. Usiiweke karibu na redio, ile spika ina sumaku, itafuta majina. Watoto wasiguse. Nikasema nimesikia.

Nikaenda nyumbani nikatafuta mahali pazuri kuliko pote. Nikachukua haan yangu.

Haan ni chombo cha maziwa, mwanangu, wewe wa jerikeni za plastiki labda umekiona tu kwa harusi. Kinasukwa kwa mizizi, kimebana hata maji hayatoki. Hiyo yangu mama alinisukia nikiolewa. Sasa haan kabla hujaweka kitu cha maana lazima uifukize. Unachukua kijinga cha moto cha mti unaojulikana, unakizungusha ndani mpaka moshi umeingia kwa ukuta wote, unapangusa. Ndiyo maziwa yanakaa siku nyingi hayaharibiki, na yananukia vizuri. Ukimpa mtu maziwa ya chombo kisichofukizwa umemdharau.

Na mimi nimepewa majina ya watu, watoto na mama zao. Nitayaweka kwa chombo kisichofukizwa? Wallahi nilifukiza kwa moyo wote. Nikafukiza, nikapangusa, nikaweka kanda na boksi lake, nikafunika kifuniko. Haikupigwa na jua. Vumbi haikuingia. Redio ilikuwa kwa jirani. Kila Ijumaa nafanya hivyo. Wiki ambayo niliona kanda imerudi bila harufu, nikaitoa kwa boksi lake kabisa ili moshi uishike vizuri. Umeona mapenzi hayo?

Ijumaa nikimrudishia Zeinab ananusa anasema, "Abaayo, kanda yako inanukia kuliko mimi."

"Ni nyumba yangu," namwambia, na kichwa kimefura.

Alidhani ni ubani wa nguo zangu. Miezi mingi ikapita hivyo. Taa ya kijani ya mashine inawaka kuonyesha kazi iko sawa, mashine inanguruma, kila mtu ametulia. Zeinab mara mbili aliomba ruhusa ajaribu kurudisha majina kutoka kwa kanda, aone kama kweli yamo. Mzee Mutiso akamwambia, "Taa si ni ya kijani? Kuna watu kwa foleni huko nje." Akaacha.

Halafu umeme ukakatika siku moja adhuhuri, ukarudi kwa nguvu, taa ya dari ikapasuka. Ile kompyuta kubwa ikatoa harufu, ikanyamaza. Zeinab hakushtuka. Alisema, "Ndiyo tulinunua kanda." Ikaletwa kompyuta nyingine kutoka Nairobi, na Kamau juu yake kuja kuiunganisha. Zeinab akaingiza kanda. Mashine ikakwaruza, ikakataa. Akaingiza ya pili. Ikakwaruza, ikakataa.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika.

Kamau akafungua mashine kwa bisibisi. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akapangusa pale kichwa cha mashine kinapoigusa kanda. Pamba ikatoka nyeusi kama wino. Akapangusa tena, nyeusi. Akauliza, "Hapa nani anapika?"

"Hakuna anayepika hapa," Mzee Mutiso akasema.

"Basi ni nini? Hii ni moshi. Mafuta ya moshi." Akamtazama Zeinab. "Dada, samahani. Unavuta sigara?"

Wewe unajua mji huu. Msichana wa Kiislamu, hana ndugu hapa, anakaa peke yake kwa chumba cha kupanga, halafu aambiwe mbele ya dereva na karani kwamba anavuta sigara akifunga mlango. Kabla ya alasiri ingekuwa imefika sokoni.

Zeinab akasema, "Sivuti."

"Mlango wako unafungwa kila jioni ukiandika kanda," Mzee Mutiso akasema.

"Nafunga kwa sababu ya vumbi, mzee."

"Na huu moshi ulitoka wapi?"

"Sijui."

Mzee Mutiso akakaa. Akasema polepole, na kwake kusema polepole ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Majina ya watu wote hawa, Zeinab. Kesho utaniambia ukweli, ama utarudi Isiolo."

Na mimi? Mimi nilikuwa na birika, mwanangu. Nilielewa ile pamba ilipotoka mara ya kwanza. Niliijua ile harufu. Ulimi wangu, ule mwepesi uliosema "mkubwa" mbele ya watu wote, siku hiyo uligeuka jiwe. Niliwaza watoto wangu, nikawaza mshahara, nikawaza nitafukuzwa na kuchekwa, mwanamke wa mbuzi aliyefukiza kompyuta. Nikamimina chai. Nilimimina na ya Zeinab nikamwekea sukari anayopenda, kama vile hiyo itamsaidia.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea, amekaa nje ya aqal anasuka kamba, watoto wangu wamelala mapajani kwake. Akanitazama akasema, "Nani amekufa?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, mkono unaendelea na kamba. Nilimaliza kwa kujitetea. Nikasema, "Hooyo, alisema jua, alisema vumbi, alisema redio. Moshi hakusema."

"Hakusema," mama akasema. "Na wewe ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Haan kufukiza ulijuaje?"

"Wewe ulinifundisha."

"Na mimi mama yangu. Nilivyokuwa mdogo nilimuuliza mti gani, na muda gani, na mti gani unatia maziwa sumu. Maziwa tunayajua kwa sababu kuna mtu tuliuliza. Hiyo kanda wewe ulimuuliza nani?"

Nikaanza kujifunga shuka yangu upya.

"Hilo ni kosa la kutojua," akasema. "Hilo nitakusamehe sasa hivi, na huyo msichana atakusamehe, na Mungu ni wa kwanza. Lakini umetoka huko saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na pamba ilitoka nyeusi saa ngapi?"

"Mchana."

"Basi kutoka mchana mpaka saa kumi hukuwa hujui. Ulikuwa unajua." Akaweka kamba chini. "Hayo masaa ndiyo yako. Nenda uyatoe."

Nikasema, nitaenda asubuhi. Akasema, "Huyo msichana ataketi na nani mpaka asubuhi?"

Akachukua kamba yake. Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi, mume, mama mkwe, chifu, hata daktari. Hakuna aliyenipata kama yule mama na kamba yake.

Nikachukua haan, nikaibeba kifuani, nikatembea mpaka kwa chumba cha Zeinab. Alikuwa amefungua sanduku la nguo kitandani. Nilimpa haan mkononi, nikamwambia, "Nusa."

Akanusa. Akanusa tena. Nikaona inamwingia polepole, kama maji kwa mchanga. Nikamweleza tunavyofanya na maziwa, na kwa nini. Nilikuwa nalia, na huku namweleza aina ya mti, akili yangu ilikuwa imepotea.

Akaniuliza jambo moja peke yake. "Abaayo, ulikuwa pale mlangoni akiniuliza kama navuta?"

"Nilikuwa."

Akatikisa kichwa. Alikuwa na haki ya kunifukuza na kile chombo changu. Alikaa kitandani, akakunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja. Kisha akasema, "Twende kwa mzee kabla hajatoka."

Mzee Mutiso alikuwa anafunga ofisi, Kamau yuko naye. Nikasimama mbele yao nikasema, "Huyu havuti sigara. Mimi ndiye niliyetia moshi. Nilifukiza kanda kama maziwa." Na nikamwambia na lile la pili, kwamba nilijua tangu mchana na nikanyamaza.

Alichukua haan. Akanusa, akaingiza kidole ndani, kidole kikatoka cheusi. Nikangoja nifukuzwe. Akamgeukia Zeinab, akasema, "Binti yangu, nimekukosea mbele ya watu. Kesho nitakuomba msamaha mbele ya watu hao hao." Na kweli alifanya, dereva na karani wamesimama, na aliita na mwenye chumba cha Zeinab aje asikie. Ndiyo nasema alikuwa mtu wa haki.

Kwangu akasema, "Wewe, Mama Dahabo, bado nafikiri." Alifikiri wiki nzima, na wiki hiyo nilifagia ile ofisi mpaka sakafu ikakonda.

Kamau naye, sikutegemea, hakucheka. Alisema, "Kama ni moshi wa kuni na umejua aina yake, kuna namna." Alikaa siku nne. Anasafisha kichwa cha mashine, anasoma kidogo, inachafuka, anasafisha. Zeinab yuko pembeni yake anaandika yaliyotoka. Ile kanda niliyokuwa nimeitoa kwa boksi ilikuwa imekwisha kabisa. Ile nyingine ilitoa majina mengi, si yote.

Yale yaliyokosekana, mimi na Zeinab tulipanda gari la ofisi tukaenda Dadaab kuyatafuta kwa miguu. Tunasimama kwa foleni ya maji tunauliza, nani aliandikwa na hajaitwa. Hapo ndipo nilifaa. Zeinab ana kalamu, mimi nina Kisomali. Na watu wetu, asante Mungu, hata mtoto wa miaka sita anakuhesabia babu zake bila kusimama. Tulirudi tumeungua na jua, na tumepata karibu wote. Karibu, nimesema. Wale wachache ambao hatukuwapata, mpaka leo nikiswali nawaombea, na sitakuambia kwamba hilo limeisha.

Ndipo ikaja kununua upya. Kamau akaweka tena mashine kwa meza. Safari hii Mzee Mutiso alisema, "Zeinab, chagua wewe." Halafu akanigeukia, "Na wewe mama wa ng'ombe mkubwa, una neno?"

Nikasema, "Mzee, niliulizwa swali la mzaha nikajibu mzaha. Nikiulizwa vizuri, baba yangu hakuweka wanyama wote boma moja, na waliokuwa mbali alikwenda kuwaona."

Zeinab akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia."

Wakanunua zile ndogo mbili. Mashine ya pili ikapelekwa ofisi yetu ndogo ya Habaswein, ili Garissa ikikwama, vikanda visomwe kule. Vikanda vilikuwa kimoja kwa kila siku ya kazi, na cha Ijumaa kinapanda basi la Wajir kwa bahasha ngumu, kinashuka Habaswein. Na mwisho wa mwezi, foleni iwe ndefu vipi, Zeinab anarudisha majina ya kanda moja kwa kompyuta tupu, mzee mwenyewe amesimama, wanatafuta jina moja wanalolijua. Wakiliona ndipo anatia sahihi. Hakuna aliyeniambia tena habari ya taa ya kijani. Na mimi nilibaki na birika langu, nikakaa hapo miaka mingine mingi. Zeinab aliolewa Isiolo. Kila Idi ananipigia simu, mpaka leo ananiita abaayo.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe uliyepata kazi juzi na shati lako limepigwa pasi. Ukipewa kitu cha mtu, muulize mwenyewe, na ukimaliza kuuliza, muulize na lile unaloona aibu kuliuliza. Usiseme hili naona si kitu, ni desturi yetu. Desturi yetu ni nzuri kwa maziwa yetu. Ukiulizwa jambo la maana mbele ya watu, usijibu ili wacheke. Mtu anaweza kununua kwa jibu lako. Kitu ulichoweka akiba nenda ukakione, ukifungue, ukisome, usitosheke kuambiwa kiko salama. Na ukikosea, maana utakosea, mimi simjui asiyekosea, usiache mtu mwingine akae na kosa lako hata muda wa kunywa chai. Kutojua kwangu kuliharibu kanda mbili. Kunyamaza kwangu kulitaka kuharibu mtu.

Mungu akupe riziki ya halali na wakubwa wenye haki. Akupe rafiki atakayekukalisha kwa kiti chake akufundishe. Siku ulimi wako ukigeuka jiwe, Mola aulainishe kabla jua halijatua. Aamiin, sema aamiin.

Juzi nilimsimulia hii mjukuu wangu Ifrah, yuko kidato cha pili, ana maneno kuliko mimi. Akacheka moshi mpaka akakohoa. Halafu akaanza kuchezea mkanda wa begi lake, nikajua kuna kitu shuleni. Akaniambia kuna simu ya mwalimu imeanguka ikapasuka, na wamemshika msichana mmoja ambaye yeye Ifrah hampendi hata kidogo, na si yule aliyeiangusha. Sikumuuliza ni nani aliyeiangusha. Nilimwekea tu mkono kichwani. Akasema, "Ayeeyo, nakuahidi. Kesho kabla ya kengele ya kwanza nitaenda kwa mwalimu kusema ukweli, na nitasema yule msichana akiwepo asikie."